Aliwatesa wadogo akiwa kiranja: je, anyimwe kazi ya ualimu?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya binafsi ya bweni nchini Kenya. Tumewahoji waombaji wa nafasi ya mwalimu wa hisabati ambaye pia atasimamia bweni la wavulana wa miaka 14 na 15. Aliyewashinda wenzake kwa mbali ni kijana wa miaka 31, amesajiliwa na TSC, tume inayosajili walimu nchini, na shule anayofundisha sasa inamsifu. Kabla hatujamwandikia barua ya kazi, mjumbe mwenzetu alitueleza kwamba mpwa wake alisoma na kijana huyo, na kwamba akiwa kiranja wa bweni alikuwa akiwaamsha wadogo usiku, akiwapiga na kuwadhalilisha, hadi mmoja wao akahama shule. Hakuna kesi iliyofunguliwa wala barua ya nidhamu. Nusu ya bodi inasema yaliyopita si ndwele. Nusu nyingine inasema mtu wa namna hiyo asikaribie mtoto maishani mwake. Je, uonevu wa ujanani unapaswa kumfungia mtu milango ya kazi?

JIBU: Ndugu mjumbe, bodi yenu imeunganisha kazi mbili katika nafasi moja, na swali lenu haliwezi kujibiwa vizuri mpaka kazi hizo zitenganishwe. Kufundisha hisabati mchana, mbele ya darasa zima, ni kazi ambayo hakuna aliyedai kwamba kijana huyu hafai kuifanya. Kushika ufunguo wa bweni la watoto wa miaka 14 na 15 saa nne za usiku ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo hasa kazi ambayo, ikiwa habari mliyopewa ni ya kweli, aliwahi kukabidhiwa akiwa kijana na akaitumia kuwaumiza wadogo. Kwa kazi ya kwanza nisingemnyima nafasi. Kwa ya pili nisingempa sasa, na pengine nisingempa kabisa, kutegemea atakavyowajibu mtakapomwita.

Mabishano ya aina hii kwa kawaida hukwama kwenye maswali mawili, yaani kosa lilikuwa kubwa kiasi gani na miaka mingapi imepita. Yote mawili yana uzito, lakini hakuna linalotosha, kwa sababu yanamtazama mtu peke yake bila kuitazama kazi anayoiomba. Mimi huwashauri waajiri waanze na swali la tatu: je, kazi hii itamrudishia mtu huyu mamlaka yale yale juu ya watu wa aina ile ile, katika mazingira ambayo hakuna anayeona? Jibu likiwa ndiyo, mzigo wa kuthibitisha kwamba amebadilika uko juu yake, hata kama imepita miaka 14. Jibu likiwa hapana, kumnyima riziki ni adhabu ambayo bodi ya shule haikupewa kazi ya kuitoa.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika kisa cha Korea Kusini, nchi ambayo imebishana juu ya jambo hili kuliko nyingi ninazozijua. Februari 2021, nyota wawili mapacha wa voliboli, Lee Jae-yeong na Lee Da-yeong, waliokuwa wakiichezea klabu ya Heungkuk Life na timu ya taifa, walituhumiwa na wachezaji wenzao wa zamani kwamba waliwaonea walipokuwa pamoja katika timu ya shule. Mapacha hao waliomba radhi kwa barua walizoandika kwa mkono. Klabu ikawasimamisha bila kutaja mwisho, shirikisho likawaondoa katika timu ya taifa, na timu hiyo ikaenda kwenye michezo ya Olimpiki ya Tokyo bila wao na kumaliza katika nafasi ya nne. Klabu ilipotaka kuwasajili tena mwishoni mwa Juni, hasira za umma ziliilazimisha kuacha. Kufikia Oktoba walikuwa Ugiriki, wakiichezea PAOK ya Thessaloniki.

Naona kwamba kuwaondoa katika timu ya taifa kulikuwa na msingi, kwa kuwa jezi ya taifa ni heshima ambayo nchi humpa imtakaye, na walioonewa walikuwa na haki ya kutolazimishwa kuwashangilia. Kuwafungia milango ya klabu bila kutaja mwisho wala sharti ni jambo jingine. Mtu aliyeambiwa kwamba hakuna atakachofanya kikabadili hali yake hana sababu ya kufanya lolote, ila kutafuta mahali ambapo habari zake hazimfuati, na huko alikokwenda hakuna aliyekuwa na jukumu la kumwangalia. Mwalimu pia anaweza kuhamia kaunti nyingine, akaomba kazi katika shule ambayo haina mjumbe mwenye mpwa.

Kisa cha pili ni cha Mitchell Miller, mchezaji wa Kimarekani wa mpira wa magongo ya barafuni. Mwaka 2016, mbele ya mahakama ya watoto ya Ohio, alikiri kumshambulia mwanafunzi mwenzake Mweusi mwenye ulemavu wa ukuaji, na shambulio hilo lilikuwa kilele cha uonevu wa miaka. Miller alikuwa na miaka 14. Mwaka 2020 Arizona Coyotes, klabu ya NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, ilimchagua miongoni mwa vijana wapya, ikaachana naye wiki chache baadaye gazeti lilipofichua habari hizo. Novemba 2022 Boston Bruins wakamsajili, na siku mbili baadaye wakaachana naye, kwa sababu wachezaji wao wenyewe walinung'unika na kamishna wa ligi akatamka kwamba kwa wakati huo hakustahili kucheza.

Katika kisa hiki wengi huuliza kama ni haki kumhukumu mtu mzima kwa alichofanya akiwa na miaka 14. Mimi huuliza majuto yake yalielekezwa wapi. Mwaka 2020 Miller alikuwa ameziandikia klabu zote za ligi kueleza kosa lake na kujuta, wakati mama wa kijana aliyeumizwa akisema kwamba msamaha pekee walioupata ni ule ulioagizwa na mahakama. Bruins nao walifanya uchunguzi wao na kusaini mkataba bila kuzungumza na familia hiyo. Majuto yaliyopelekwa kwa kila mwenye uwezo wa kutoa mkataba, na kukawia kumfikia aliyeumizwa, hayathibitishi kwamba mtu ameacha kuwahesabu wanyonge kuwa si kitu. Kwa hiyo kijana wenu akiwaambia kwamba anajuta, msitosheke na hapo. Mwulizeni amemwambia nani mwingine, na lini, kabla hajajua kwamba mmesikia.

Mmoja wenu atasema kwamba tatizo lote ni kukosekana kwa rekodi, na kwamba laiti shule ya zamani ingeandika, leo msingehangaika. Ni kweli kwa sehemu. Korea Kusini huandika makosa ya uonevu katika kumbukumbu za mwanafunzi, lakini Februari 2023 Chung Sun-sin, aliyekuwa mwendesha mashtaka na aliyeteuliwa kuongoza ofisi ya taifa ya upelelezi, alijiuzulu siku moja baada ya uteuzi kwa sababu ya mwanawe. Mtoto huyo aliamriwa kuhamishwa shule kwa uonevu, baba akaipinga amri hiyo mahakamani hadi Mahakama ya Juu, akashindwa, na bado kijana akaingia chuo kikuu kinachotamaniwa kuliko vyote nchini humo. Aprili mwaka huo serikali ilitangaza kwamba rekodi za makosa mazito zitahifadhiwa miaka 4 baada ya mwanafunzi kuhitimu, badala ya 2, na kwamba vyuo vikuu vyote vitazizingatia kuanzia udahili wa mwaka 2026. Kadiri rekodi inavyokuwa na uzito, ndivyo mzazi mwenye fedha anavyopata sababu ya kuajiri wakili ili isiandikwe. Mtoto wa mkulima huandikwa. Nayataja haya ili msidhani kwamba mwombaji mwenye faili safi ni bora kuliko huyu ambaye habari zake mmezisikia kwa bahati. Tena zingatieni kwamba hata utaratibu huo mkali, isipokuwa kwa aliyefukuzwa shule, una kikomo cha miaka 4, ilhali nusu ya bodi yenu inapendekeza maisha yote.

Sasa nije kwenye umri na wakati. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanzisha utafiti wa uonevu shuleni katika nchi za Skandinavia, aliwafuatilia wavulana waliokuwa wakiwaonea wenzao wakiwa darasa la 6 hadi la 9, akakuta kwamba takriban asilimia 60 walikuwa wamepatikana na hatia ya kosa la jinai angalau mara moja kufikia umri wa miaka 24. Kiwango hicho ni cha juu mno, na anayesema kwamba uonevu ni utoto tu hana budi kukijibu. Lakini wawili kati ya watano hawakuwa na hatia yoyote, na kijana wenu amefika miaka 31 akiwa mwalimu anayesifiwa. Hilo ni ushahidi kwa upande wake, ingawa si ushahidi wa kila kitu, kwa sababu mtu anaweza kuacha kupiga na asiache kudhalilisha.

Kwa upande mwingine, wanaosema yaliyopita si ndwele wajue kwamba ndwele hiyo huwa haijamwisha yule aliyeumizwa. Uingereza kuna utafiti unaowafuatilia watu waliozaliwa katika wiki moja ya mwaka 1958, na walioonewa mara kwa mara wakiwa watoto walikutwa bado na sonona na wasiwasi zaidi ya wenzao walipokaribia miaka 50. Simaanishi kwamba kwa hiyo aliyewaumiza aadhibiwe hadi miaka 50. Ninachosema ni kwamba hoja ya muda haiwezi kutolewa kwa jina la pande zote mbili na mtu ambaye hakuguswa na lolote.

Kuna jambo moja katika maelezo yenu ambalo nadhani bodi imelipita haraka mno. Kijana huyu alikuwa kiranja. Katika shule zetu nyingi za bweni, mateso ya kidato cha kwanza hayakuwa ukatili wa mtoto mmoja aliyepotoka. Ulikuwa utaratibu uliorithiwa, ambao walimu waliufumbia macho kwa kuwa uliwapunguzia kazi ya usiku. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ililazimika kuichunguza Shule ya Upili ya Alliance, mojawapo ya shule zinazoheshimiwa kuliko zote nchini, baada ya madai kwamba viranja walikuwa wakiwatesa wadogo. Kiranja wa miaka 17 aliyekabidhiwa fimbo na shule ana hatia, kwa maana umri huo unatosha kabisa kujua kwamba mtoto anayelia ameumia, lakini hatia hiyo anagawana na watu wazima waliompa fimbo na kwenda kulala.

Kwa hiyo mkimwita, msimwulize tu kama alifanya. Mwulizeni anauonaje leo utaratibu ule. Katika mahojiano ya namna hii nimeona kwamba jibu la swali hili hufunua zaidi kuliko ukubwa wa kosa lenyewe. Mtu aliyefanya mabaya mengi na ambaye anaweza kueleza bila kutafunatafuna maneno alichokifanya, kwa nini kilimpa raha, na nini kilimfanya aone aibu, ni salama zaidi kuliko aliyefanya machache na anayesema kwa tabasamu kwamba hayo ndiyo yaliyotukomaza. Huyu wa pili hana la kujutia kwa sababu haoni kosa, na akipewa bweni ataurudisha utaratibu ule ule kwa nia njema kabisa, akiwaita viranja wake na kuwafundisha ukomavu.

Lakini kabla ya kumwita, safisheni kwanza nyumba yenu. Mliyo nayo ni habari ya mtu wa tatu: mpwa alimweleza mjomba, na mjomba akaieleza bodi. Mjumbe huyo alifanya vyema kusema, na baada ya kusema anapaswa kujitoa katika uamuzi, asipige kura wala asikae chumbani mnapojadili, kwa sababu hawezi kuwa shahidi na hakimu kwa wakati mmoja. Mpwa, akiwa tayari, azungumze na mwenyekiti mwenyewe na aeleze alichokiona kwa macho yake, akikitenga na alichokisikia. Yule aliyehama shule asitafutwe kwa nguvu. Akitaka kusema, asikilizwe. Asipotaka, ukimya wake usichukuliwe kuwa ameshasamehe, na kwa vyovyote asiulizwe kama kijana apewe kazi, kwa sababu mkimwuliza hivyo mtakuwa mmemtwika uamuzi ambao ni wenu.

Mwombaji naye aelezwe tuhuma kwa kina cha kutosha ili aweze kuzijibu, na apewe siku kadhaa za kutafakari. Akikana, na mpwa akasimama katika maelezo yake, bodi haitaweza kujua ukweli kwa uhakika, na haina haja ya kujifanya mahakama. Hapo ndipo kutenganisha kazi mbili kunapowasaidia, kwa kuwa mnaweza kumpa darasa bila kumtangaza kuwa na hatia, na mkampa bweni mtu ambaye hakuna shaka yoyote juu yake. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kujua mnachokihifadhi kumhusu na kudai kwamba habari ya uongo isahihishwe au ifutwe. Andikeni katika kumbukumbu za kikao yale tu ambayo mngekuwa tayari ayasome.

Msitarajie sana kwamba karatasi zitawaamulia. Cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi kinaonyesha kama mtu ana rekodi ya jinai, na hakisemi chochote juu ya yaliyomalizwa ofisini au bwenini. Cheti cha utumishi anachopewa mfanyakazi anapoacha kazi ni kimya vile vile: kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka kitaje jina, aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza, na kinasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kumwandikia mtu ushuhuda wa tabia. Orodha ya walimu waliofutwa katika sajili ya TSC, ambayo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ina maana zaidi kwa shule kuliko vyeti hivyo, nanyi hamna udhuru wa kutoipitia. Hata hivyo, kitakachowafaa zaidi ni kumpigia simu mwalimu mkuu wa shule anayofundisha sasa na kumwuliza swali moja lisilo na kona: je, ungemkabidhi bweni? Mkuu wa shule anayesita kwa sekunde kumi amekwisha kujibu.

Ningewajibu tofauti kabisa kama mngekuwa mmeniuliza juu ya mtu aliyewanyanyasa wanafunzi au wafanyakazi wenzake akiwa tayari ni mtu mzima na mwalimu. Hapo hoja ya ujana haipo, mamlaka aliyotumia ni ya kazi hiyo hiyo, na mara nyingi hakufanya mara moja. Kwa miaka mingi dawa ya shule nyingi ilikuwa kumhamisha kimya kimya, naye akaanza upya mbele ya watoto ambao wazazi wao hawakuonywa. Waraka namba 3 wa TSC wa mwaka 2010 ulitolewa ili kuzuia ufichaji wa dhuluma za kingono dhidi ya wanafunzi, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya wanafunzi wawili walionajisiwa na mwalimu, iliiwajibisha TSC na Serikali pamoja naye na kukemea desturi ya kuwahamisha watu kama hao kutoka shule moja hadi nyingine. Kwa mtu wa namna hiyo, aliyepatikana na kosa baada ya kusikilizwa, mlango wa shule ufungwe na usifunguliwe tena. Bado anaweza kukarabati magari, kufanya hesabu za kampuni au kulima, na hakuna atakayekuwa amemwonea.

Nirudi kwa kijana wenu. Ikiwa atakiri na majibu yake yakawaridhisha, mpeni mkataba wa kufundisha hisabati peke yake, na kipindi cha majaribio cha miezi 6, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha Sheria ya Ajira, ingawa kinaweza kuongezwa kwa ridhaa yake. Mwelezeni kwa maandishi kwamba zamu za usiku hazimo katika kazi yake, na kwa nini, na kwamba akitaka bodi ilifikirie upya jambo hilo anaweza kuomba baada ya muda mtakaoutaja, tuseme miaka 3. Ombi hilo likija, litajibiwa kwa yale yatakayokuwa yameonekana shuleni mwenu, zikiwemo sauti za wanafunzi ambao wamepewa njia ya kulalamika bila kupitia kwake wala kwa viranja. Kama shule yenu haina njia hiyo, ianzisheni kabla hajaripoti, maana mtaihitaji hata kama mtamwajiri mwingine. Anayesimamia bweni sasa naye hajawahi kuulizwa na yeyote kuhusu siku zake za ukiranja, na wakati mnamtafuta mrithi wake ni vyema aulizwe pia.